Fungueni Ukurasa wa Mwaka wa Tatu

Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha sita na wazazi wao, Kigoma Ujiji, kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, wazazi, shikamooni mnaostahili shikamoo. Na ninyi wanangu mliomaliza kidato cha sita mwezi Mei, hamjambo.

Nilipoitwa kuja kuzungumzia vyuo vikuu nilitoa sharti moja: nitasema na watu wa sanaa tu. HKL, HGL, HGK, HGE, KLF, yaani tahasusi za historia, jiografia, uchumi na lugha, pamoja na wale wa tahasusi mpya zilizoongezwa mwaka 2024. Wenzenu wa sayansi wana washauri wengi. Mtoto wa PCB akisema anataka udaktari, ukoo mzima unajua la kumwambia. Mtoto wa HKL akisema anataka kusoma historia, shangazi yake anauliza, "Historia, halafu?" Mazungumzo yanaishia hapo, na mtoto anakwenda steshenari peke yake.

Hiyo steshenari naijua. Nimekaa pale Mwanga nikisubiri kutolewa nakala, mbele yangu kijana anaombewa chuo. Mwenye kompyuta anauliza bila kugeuka, "Chuo?" Kijana anajibu, "Mlimani," maana yake Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. "Kozi gani?" "Yoyote ya atsi." "Zipo nyingi hizi, niweke ipi?" Kijana akafikiri kidogo. "Weka waliyoweka wenzangu." Kitufe kikabonyezwa, karatasi ikatoka, kijana akalipa akaondoka. Miaka mitatu ya maisha yake imepangwa na mtu ambaye shida yake kubwa saa ile ilikuwa foleni. Simlaumu mwenye kompyuta, yeye kazi yake kujaza.

Basi leo nina jambo moja. Mnapolinganisha programu za sanaa, jina la chuo liwekeni pembeni kwanza, na jina la shahada nalo liwekeni pembeni. Tazameni yaliyomo ndani. Na yaliyomo ndani yanaonekana vizuri kuliko popote katika orodha ya masomo ya mwaka wa tatu. Mtu wa hapa hanunui gunia la dagaa pale mwaloni Kibirizi kwa kusikia sifa zake. Anafungua mdomo wa gunia, anaingiza mkono mpaka chini. Ndivyo ninavyotaka mfanye.

Nianze na majina, maana ndiyo yanayowaangusha wengi mapema. Chukueni historia. Mkifungua mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, mtaikuta historia chini ya shahada za aina kadhaa. Kuna BA, yaani Shahada ya Awali ya Sanaa, ya Historia yenyewe. Kuna BA yenye Elimu, ile ambayo wanafunzi wanaiita BAED, ambayo unasoma masomo mawili ya kufundishia, tuseme Historia na Kiswahili, na ualimu juu yake. Kuna B.Ed., ambayo uzito wake uko kwenye elimu yenyewe, yaani saikolojia ya elimu, mitaala, uongozi wa shule, na somo la kufundishia linafuata nyuma. Halafu kuna Akiolojia na kuna Urithi, ndugu wa historia lakini wana idara yao na masharti yao.

Mhitimu wa BA ya Historia akitaka kuajiriwa mwalimu wa sekondari, shahada hiyo peke yake haimtoshi. Itambidi arudi darasani kusoma Stashahada ya Uzamili ya Elimu, ile PGDE, kwa muda mwingine na ada nyingine. Upande wa pili, mhitimu wa BAED akiomba kazi ya makumbusho atawakuta wenzake wa akiolojia wameshashika mwiko, wameshachimba, wameshapima mashimo na kuandika ripoti za uwandani. Hakuna shahada mbaya hapo. Lakini nimekaa kwenye sherehe, baba anawatangazia wageni kwamba mwanawe anakwenda kuwa mwalimu, na barua ya udahili iliyoko juu ya kabati inasema BA tupu. Mtoto anajua. Anaogopa kusema mbele ya wageni.

Wanaokwenda BAED waangalie jambo jingine: masomo yapi mawili yanaruhusiwa kwenda pamoja. Chuo kimoja kinakuruhusu Kiswahili na Jiografia, kingine ratiba yake inagongana, unaambiwa uchague jozi nyingine. Wengi wanagundua wakiwa wameshafika na begi. Na matangazo ya ajira za ualimu hutaja somo, hayasemi tu mwalimu wa sanaa. Mwenye kupenda Historia ajue pia kwamba mtaala mpya umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, somo linalofundishwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo jozi ya Historia na Kiswahili leo ina uzito kuliko ilivyokuwa zamani zetu.

Sasa mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza vyuo vyote vinafanana. Utasoma stadi za mawasiliano, utasoma maendeleo, utasoma utangulizi wa hiki na utangulizi wa kile. Mwaka wa tatu ndipo idara inapoonyesha ina walimu wa nini na inajali nini. Idara isiyo na mtu wa ukalimani, yaani kutafsiri kwa mdomo, haiwezi kufundisha ukalimani kwa maana yake. Itauandika labda, na mtapewa makabrasha.

Kuna binti wa Mwandiga alikuja nyumbani na karatasi alizochapisha kutoka tovuti za vyuo viwili. Vyote vinatoa BA ya Kiswahili, vyote miaka mitatu. Nikamwambia zile za mwaka wa kwanza na wa pili zikunje uziweke chini ya sahani. Tukabaki na mbili, tukazitandaza mezani, akachukua kalamu nyekundu kwa isimu, yaani sayansi ya lugha, na bluu kwa fasihi, akaanza kupiga mistari. Karatasi ya kwanza ikawa nyekundu karibu yote: sintaksia, semantiki, isimujamii, leksikografia, halafu tafsiri, ukalimani, uhariri. Ya pili ikawa bluu: riwaya, tamthilia, ushairi, fasihi simulizi, nadharia za uhakiki, na somo moja la isimu limebanwa katikati. Na jina la shahada juu ya karatasi ni lile lile.

Binti yule anaandika mashairi tangu kidato cha pili, ana daftari limejaa. Chuo alichokuwa amekiweka namba moja, kwa sababu kina jina kubwa, kilikuwa hiki chekundu, na humo angetumia muda mwingi kuchora michoro matawi ya sentensi. Nikadhani atabadilisha papo hapo. Hakubadilisha. Akauliza, "Mwalimu, huku kwenye nyekundu ushairi haupo kabisa, au upo wa hiari?" Tukarudi kwenye karatasi zilizo chini ya sahani. Upo, mwaka wa pili, wa hiari. Akasema basi atakwenda huko huko, kwa sababu ushairi ataandika hata bila chuo, lakini ukalimani nani atamfundisha Mwandiga? Mimi ningechagua ile ya bluu. Lakini uamuzi ulikuwa wake na alikuwa na sababu, na sababu yake ilitoka kwenye orodha ya masomo.

Hilo neno hiari lina mtego wake. Somo la hiari lililoandikwa kwenye tovuti si lazima lifundishwe kila mwaka. Mwalimu wake akienda kusoma au akiteuliwa serikalini, somo linalala. Kwa hiyo mkishasoma orodha, tafuteni mtu aliye mwaka wa pili au wa tatu wa programu hiyo hiyo. Kigoma hatukosi, kila kata ina mtoto chuoni na kila mtoto ana WhatsApp. Msimwulize "Chuo kikoje?" Atawaambia kiko poa, maji hayakatiki, wali maharage bei gani. Mwulizeni muhula uliopita walifundishwa masomo gani ya hiari. Mwulizeni kama wanaandika tasnifu mwaka wa mwisho au hawaandiki. Mwulizeni mafunzo kwa vitendo walikwenda wapi na nani aliwatembelea huko.

Na mwulizeni insha yake ya mwisho ilirudi na nini. Hapa nitakaa kidogo. Shahada ya sanaa inafundishwa kwa kuandika na kusahihishwa. Fundi wa maabara ana kifaa kinachomwambia amekosea; mwanafunzi wa falsafa au fasihi ana mwalimu anayeandika pembeni ya ukurasa, "Dai hili umelitoa wapi?" Ukiwa ukumbini mko mamia, mhadhiri mmoja na maikrofoni, hakuna binadamu anayeweza kusoma kurasa kumi za kila mmoja. Mtapewa kazi za kikundi, watu kumi na tano jina moja moja kwenye jalada, wawili wameandika. Nimewaona wahitimu wenye GPA nzuri ambao hawajawahi kurudishiwa insha yenye maoni. Kwa hiyo programu ndogo isiyo na sifa mtaani, ambayo semina zake zina watu ishirini, naiweka mbele ya programu maarufu ambayo mwalimu hajui sura yako. Wengine hapa hawatakubaliana nami, na mwalimu wa taaluma ananitazama kwa jicho hilo. Mwongozo wa TCU una safu inayoonyesha nafasi za udahili kwa kila programu. Isomeni hiyo namba kama ukubwa wa darasa pia.

Majina makubwa yana haki yake, siyakatai. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 kama chuo kilicho chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa chuo kamili 1970, na idara yake ya historia ya miaka ile ya Terence Ranger, Isaria Kimambo na Walter Rodney ilisomwa dunia nzima. Ila Rodney aliondoka 1974. Anayekufundisha wewe ni aliyeko leo, na jina lake liko kwenye ukurasa wa idara. Tazameni wahadhiri wanaandika juu ya nini, si vyeo vyao tu. Profesa anaweza kuwa kwenye tume tatu na msimwone mpaka mahafali.

Mahali kilipo chuo nako kuna maana, na maana yenyewe hutegemea somo. Anayetaka historia ya kuchimba nyaraka, Dar es Salaam ina Nyaraka za Taifa, na maktaba ya Mlimani ina mkusanyiko wake wa Afrika Mashariki. Jengo jipya la maktaba hiyo lilifunguliwa 2018 na linachukua watu 2,100 kwa wakati mmoja. Anayetaka Kiswahili upande wa kamusi na isimu, pale Mlimani kuna TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, iliyoundwa 2009 kwa kuunganisha TUKI, ile Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na Idara ya Kiswahili, na mizizi yake inarudi mpaka kamati ya lugha ya mwaka 1930. Anayetaka kukaa katikati ya Kiunguja kilichozaa Kiswahili sanifu, kuna SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Muziki kwa shahada, Makumira kule Arusha. Uandishi wa habari, SAUT Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ina redio yake na ina uzoefu mrefu. Dodoma ni chuo cha 2007, kikubwa, na kwa sisi watu wa mwisho wa reli kipo njiani. Hapo jirani Tabora kuna AMUCTA, chuo kishiriki cha SAUT, kinachojulikana kwa ualimu, pamoja na elimu maalumu.

Na anayetaka jukwaa, ngoma, maigizo, afikirie Bagamoyo, TaSUBa, ile Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, kwa stashahada. Wazazi wanasikia stashahada wanakunja uso. Mwenye stashahada ya GPA ya 3.0 anaweza kuomba shahada baadaye, na atakuwa ameshajua kupanda jukwaani.

Kuhusu sifa za kuingia nitapita haraka, ila sikilizeni. Kwa wanaotoka kidato cha sita, kiwango cha chini cha TCU ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Jenero Stadi haimo. Sasa, masomo hayo mawili ni yale yaliyotajwa na programu, si yoyote uliyofaulu. Una C ya Kiswahili na D ya Historia, pointi tano, unaona uko salama; programu uliyoomba inataka Kiingereza na wewe Kiingereza una S, iliyo chini ya E. Umekwisha, na ada ya maombi hairudi. Soma safu ya masharti neno kwa neno, hasa pale paliposema "mojawapo" na pale paliposema "na". Tena hiyo 4.0 ni mlango wa kuombea tu. Programu yenye nafasi chache na waombaji wengi inachukua wa juu.

Hakikisheni pia kwamba programu yenyewe imo kwenye mwongozo wa mwaka huu. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo kadhaa kudahili wanafunzi wapya, na kulikuwa na watoto walioona mabango barabarani wakadhani bango ni kibali. Na ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Tumieni namba zenu wenyewe, jamani, si namba ya mwenye steshenari.

Fedha. Bodi ya Mikopo hupanga programu katika makundi ya vipaumbele, na watu wa sanaa mara nyingi hawako kundi la kwanza. Ile Samia Skolashipu ni ya waliofanya vizuri masomo ya sayansi, msiiweke kwenye hesabu. Someni mwongozo wa mikopo sambamba na mwongozo wa udahili, programu kwa programu, kwa sababu BA na BAED za chuo kile kile zinaweza kuangukia makundi tofauti. Na mkopo ni deni: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inakatwa kila mwezi mpaka liishe. Wazazi, mkihesabu ada hesabuni na chumba. Kuna programu za ada ndogo zilizoko kwenye miji ambayo kodi ya chumba inameza tofauti yote. Kwa aliye na kazi au familia hapa, Chuo Kikuu Huria kilianzishwa 1992 kwa ajili ya watu wa aina hiyo, na kina kituo Kigoma. Ila kinataka mtu anayeweza kusoma usiku bila kusukumwa. Kama mtoto wako shuleni alikuwa akisoma kwa kengele, fikirini tena.

Nimefika kwenye lile swali la shangazi. Halafu?

Sitawatajia Mwalimu Nyerere na MA yake ya Edinburgh. Aliipata 1952, wakati ambao mwenye shahada nchi hii alikuwa mmoja mmoja. Ninyi mtahitimu mko maelfu, na walimu wa sanaa wasio na ajira mnawajua, wengine wamekaa humu ukumbini na wengine wanaendesha bodaboda zilizowaleta. Hilo ni kweli na sitalipaka rangi. Ndiyo maana ninang'ang'ania yaliyomo. Shahada mbili za jina moja zinamtoa mmoja akiwa na tafsiri, uhariri na miezi aliyokaa kwenye chumba cha habari, na mwingine akiwa na cheti. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, au kwenye shirika linalohudumia wakimbizi kambini Nyarugusu, hawatauliza chuo chenu kina umri gani. Watawapa ukurasa wa Kifaransa, waseme, "Tuwekee kwa Kiswahili kabla ya saa sita."

Kifaransa nakitaja makusudi. Sisi tunatazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, Burundi iko hapo juu, na balozi ndogo za nchi hizo mbili ziko humu mjini. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, mwaka ule ule ambao Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Watu walishangilia sana, na mimi nilishangilia. Lakini azimio la wakuu wa nchi haliajiri mtu. Linaajiri pale tu panapokuwa na mtu aliyefundishwa ukalimani, mwenye lugha mbili zilizonyooka. Mtoto wa Kigoma wa KLF, mwenye Kiha nyumbani kinachomwezesha kusikilizana na Mrundi bila mkalimani, ana mtaji ambao mwenzake wa Dar es Salaam hana. Programu yake aitafute kwa jicho hilo: je, Kifaransa kinaendelea mpaka mwaka wa tatu, au kinakatwa baada ya mwaka wa kwanza? Je, tafsiri ni kati ya Kiingereza na Kiswahili peke yake?

Vivyo hivyo kwa anayependa mambo ya kale. Ujiji tuna makumbusho pale Livingstone alipokutana na Stanley mwaka 1871, tuna njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka huku kwenda Tabora mpaka Bagamoyo. Anayekwenda kusoma Urithi aulize kama programu ina mafunzo ya uwandani kila mwaka, na kama anaweza kuyafanyia nyumbani. Akiruhusiwa, tasnifu yake iko hapa hapa, wazee wake wa kuhoji wako hapa hapa.

Wazazi, neno kwenu ni fupi. Mkae na mtoto mezani orodha ziwe mbele yenu, hata kama Kiingereza chake hamkisomi. Mwambieni awasomee somo moja moja aeleze ni nini. Akishindwa kueleza masomo matatu mfululizo ya programu anayosema anaipenda, mwambieni arudi akatafute, na msimpe nauli ya steshenari siku hiyo.

Mwalimu wa taaluma ana mwongozo wa TCU na wa Bodi ya Mikopo kwenye kompyuta ya shule, na kuanzia kesho saa tatu asubuhi chumba kiko wazi. Njooni na namba ya mtihani, na programu mbili tu kila mmoja, zikiwa zimechapishwa masomo ya miaka yote. Na wale ambao jina la cheti cha kuzaliwa halilingani na la cheti cha kidato cha nne wabaki humu ukumbini sasa hivi, tuanze na ninyi, kwa sababu Bodi inataka cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na kurekebisha jina kunachukua muda kuliko mnavyodhani.